Mtoto akilala kwa baba, matunzo yapungue kiasi gani?

Ndugu wasikilizaji, juma hili naomba tuzungumze habari ya fedha na vitanda. Msishangae. Wazazi wakishaachana, mambo haya mawili hufuatana kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Chanzo cha mazungumzo haya ni ujumbe niliotumiwa na mama mmoja wa hapa jijini Dar es Salaam. Anaye mtoto wa kiume wa miaka tisa. Yeye na baba wa mtoto waliachana, na mahakama ikaamuru baba atoe shilingi 120,000 kila mwezi kwa ajili ya matunzo. Baba akawa anatoa bila matata. Kisha wakakubaliana wenyewe, kwa wema kabisa, kwamba mtoto awe analala kwa baba yake kila Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili jioni arudi kwa mama. Mtoto akafurahi. Mwezi wa pili wa mpango huo baba akaleta shilingi 60,000. Alipoulizwa, alijibu kwamba sasa wanalea wote wawili, kwa hiyo matumizi nayo yawe nusu kwa nusu. Tena akaongeza kwamba kaka yake anayefanya kazi Uingereza amemweleza kuwa huko mtoto akilala kwako, serikali yenyewe inakupunguzia.

Mama anauliza: je, ni kweli? Na kama ni kweli, afanye nini? Amzuie mtoto asiende?

Nakiri kwamba nilipousoma ujumbe huu kwa mara ya kwanza, nilimwona baba ana hoja. Analisha mtoto siku mbili, analipa nauli, amenunua godoro na chandarua. Kwa nini alipe sawasawa na yule mzazi ambaye hata sura ya mwanawe ameisahau? Lakini nilipochukua kalamu na karatasi, ile nusu kwa nusu ilikataa kutoka. Hebu tuifanye hesabu hiyo pamoja.

Tuanze huko Uingereza, maana ndiko ushahidi ulikotolewa. Ni kweli, kaka yake hakusema uongo. Uingereza ina idara ya serikali inayokadiria matunzo ya watoto kwa kanuni ya hesabu, bila wazazi kulazimika kwenda mahakamani. Kazi hiyo ilianza mwaka 1993, na kanuni inayotumika sasa ilianza Desemba 2012. Anayeangaliwa ni mzazi asiyeishi na mtoto. Kama pato lake ni kati ya pauni 200 na 800 kwa wiki kabla ya kukatwa kodi, hutakiwa kutoa asilimia 12 kwa mtoto mmoja, asilimia 16 kwa watoto wawili, na asilimia 19 kwa watoto watatu au zaidi. Pato la mzazi anayeishi na mtoto halihesabiwi hata kidogo.

Baada ya hapo ndipo vitanda vinapoingia. Idara huuliza: kwa mwaka mzima, mtoto analala usiku mangapi kwa huyu mzazi anayelipa? Usiku ukiwa chini ya 52, hakuna punguzo. Kuanzia 52 hadi 103, hupunguziwa sehemu moja ya saba. Kuanzia 104 hadi 155, sehemu mbili za saba. Kuanzia 156 hadi 174, sehemu tatu za saba. Zikifika 175 au zaidi, hupunguziwa nusu, na juu yake huondolewa pauni saba nyingine kwa kila mtoto.

Tuchukue baba mwenye pato la pauni 700 kwa wiki na mtoto mmoja. Asilimia 12 ni pauni 84. Mtoto akilala kwake usiku 60 kwa mwaka, atalipa pauni 72 kwa wiki. Akilala usiku 110, atalipa 60. Akilala 160, atalipa 48. Akifikisha 175, nusu ya 84 ni 42, toa saba, atalipa pauni 35.

Sasa turudi kwa baba yetu wa Dar es Salaam. Ijumaa na Jumamosi za mwaka mzima ni usiku 104. Kwa kanuni hiyohiyo aliyoisikia kwa kaka yake, angepunguziwa sehemu mbili za saba. Sehemu mbili za saba za shilingi 120,000 ni kama shilingi 34,000. Angebaki kulipa shilingi 86,000 hivi. Ile 60,000 aliyoileta haipo hata kwa Waingereza. Ili apate nusu, mtoto angepaswa kulala kwake karibu nusu ya mwaka.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mama ni hili: kaka mtu alisema kweli, ila mdogo wake aliisikia nusu tu.

Lakini tusiishie hapo, kwa sababu kanuni hiyo nayo ina kasoro yake. Tazameni mpaka kati ya usiku wa 103 na usiku wa 104. Baba wa mfano wetu, mtoto akilala kwake usiku 103, analipa pauni 72. Ukiongezeka usiku mmoja tu, analipa 60. Tofauti ni pauni 12 kwa wiki, yaani pauni 624 kwa mwaka, kwa usiku mmoja! Hapo mzazi mmoja anaanza kuudai usiku huo, na mwingine anaanza kuukatalia. Wanagombea kitanda, lakini mioyoni mwao wanagombea fedha. Na mtoto yuko katikati, na begi lake mgongoni, hajui kwa nini Ijumaa hii imekuwa na maneno mengi.

Kwa nini basi wakachagua kuhesabu usiku? Kwa sababu usiku ni rahisi kuuhesabu. Mtoto hawezi kulala nyumba mbili kwa wakati mmoja. Chakula, nauli, daftari na dawa ni vitu vyenye ubishi. Usiku una ubishi mdogo zaidi. Kwa hiyo usiku ni kipimo cha urahisi. Hauwezi kusema gharama yenyewe ni kiasi gani. Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo, maana ndipo baba wengi, na mama wengi pia, wanapoteleza.

Ukiyatazama vizuri matumizi ya mtoto, utaona yako katika vikapu vitatu.

Kikapu cha kwanza ni cha matumizi yanayotembea na mtoto: chakula, maziwa, sabuni, nauli ya kila siku. Mtoto akiwa kwa baba, baba ndiye anayatoa, na mama anapumzika.

Kikapu cha pili ni cha matumizi yanayobaki nyumbani: kodi ya chumba, umeme, maji, mshahara wa dada wa kazi. Mtoto akiondoka Ijumaa, mwenye nyumba hapunguzi kodi ya siku mbili. Dada wa kazi naye hakatwi mshahara. Mama analipa vilevile. Na kwa baba kikapu hiki kinaongezeka, maana naye sasa anahitaji mahali pa kumlaza mtoto. Yaani mtoto akiwa na nyumba mbili, gharama zote zikijumlishwa zinapanda. Ukweli huu tunapenda kuukwepa.

Kikapu cha tatu ni cha matumizi yanayomfuata mtoto popote alipo: ada na michango ya shule, sare, viatu, matibabu. Haya hayajui mtoto kalala wapi.

Sasa tuweke tarakimu, kwa mfano tu. Tuseme mtoto huyu anatumia shilingi 250,000 kwa mwezi. Kikapu cha kwanza, kinachotembea, ni 90,000, yaani 3,000 kwa siku. Kikapu cha pili, cha nyumbani, ni 60,000. Kikapu cha tatu, cha shule na afya, ni 100,000. Baba anatoa 120,000, na mama anajaza 130,000 zilizobaki.

Mtoto anaanza kwenda kwa baba siku tisa hivi kwa mwezi. Mama anaokoa nini? Anaokoa 3,000 mara tisa, yaani shilingi 27,000. Basi. Vikapu viwili vingine viko palepale. Kwa hiyo kama baba angepunguza shilingi 27,000, akaleta 93,000, mzigo wa mama ungebaki 130,000 kama zamani, na baba naye angebaki kwenye 120,000 zake, sehemu akiitoa mkononi mwa mama na sehemu akiitumia mwenyewe kumlisha mtoto. Hata angeomba apunguziwe kidogo zaidi kwa ajili ya lile godoro, watu wazima wangekaa wakaelewana.

Lakini alileta 60,000. Mama sasa anahitaji 223,000 kwa mwezi, akitoa hizo 60,000 anabaki na deni la 163,000. Yaani mzigo wa mama umepanda kutoka 130,000 hadi 163,000, wakati mtoto anakula kwake siku chache zaidi! Na mzigo wa baba, ukijumlisha chakula anachompa mtoto, umeshuka kutoka 120,000 hadi 87,000. Shilingi 33,000 zimehama kutoka bega la baba kwenda bega la mama, na zimehama kwa jina zuri la kulea pamoja.

Msikilizaji mwingine ataniuliza: na je, kama kweli wanalea nusu kwa nusu, wiki hii kwa mama, wiki ijayo kwa baba? Hapo si kila mtu abebe wake? Swali zuri. Kwa Waingereza, wazazi wakigawana sawasawa malezi yote ya kila siku, si usiku peke yake, idara haimtozi yeyote. Australia wao wamechukua njia nyingine. Tangu Julai 2008 kanuni yao inatazama mapato ya wazazi wote wawili, baada ya kumtengea kila mmoja kiasi cha kujikimu. Kisha inamuuliza kila mmoja: katika mapato yenu, sehemu yako ni asilimia ngapi, na katika gharama za mtoto, malezi yako yameshalipia asilimia ngapi? Mzazi anayekaa na mtoto usiku 52 hadi 127 kwa mwaka huhesabiwa kuwa amebeba asilimia 24 ya gharama. Wakigawana sawa, kila mmoja huhesabiwa asilimia 50.

Tujaribu kwa mtoto wetu wa shilingi 250,000. Tuseme baba ana asilimia 75 ya mapato yanayohesabiwa, na mama 25. Baba anawajibika kwa 187,500. Kwa kukaa na mtoto nusu ya mwaka ameshabeba 125,000. Zilizobaki, 62,500, anampa mama. Kwa nini, wakati siku ni sawa? Kwa sababu siku ni sawa lakini mifuko si sawa. Bila hivyo, mtoto angekula nyama wiki moja na wiki nyingine angelala na chai ya rangi, na kila mtu angesema haki imetendeka.

Sasa turudi nyumbani, kwa maana baba huyu hakai London wala Sydney. Sheria yetu inasemaje?

Kwanza, sisi hatuna kanuni ya usiku. Hakuna kifungu kinachosema mtoto akilala kwako mara kadhaa unapunguziwa kadhaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, inamwachia hakimu akadirie, lakini inamwambia atazame nini: mapato na mali za wazazi wote wawili, jambo lolote lililompunguzia mlipaji uwezo wa kupata kipato, watoto wengine anaowatunza, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, na haki za mtoto mwenyewe. Zanzibar nayo ina Sheria yake ya Watoto, ya mwaka 2011.

Pili, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imekwisha kulisema jambo hili kwa namna yake. Inamtwika baba wajibu wa kuwatunza watoto wake kadiri ya uwezo wake, wawe wanaishi naye au wanaishi na mtu mwingine. Yaani wajibu haufuati kitanda.

Tatu, tusisahau tulikotoka. Kabla ya sheria ya 2009, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alikadiriwa kwa sheria ya tangu zama za ukoloni, ambayo ilimwekea baba kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi mia! Kiwango hicho kilibaki kitabuni miaka nenda miaka rudi, huku bei ya unga ikipanda. Ndiyo hatari ya kuandika tarakimu katika sheria na kuisahau. Lakini kumwachia hakimu kila kitu nako kuna hatari yake: mzazi anayefika mahakamani bila maelezo kamili anaweza kuondoka na amri isiyolingana na hali halisi. Hakimu hawezi kuona vikapu ambavyo hakuna aliyemletea.

Na hapa kwetu kuna jambo ambalo wenzetu hawalipati sana. Baba anamchukua mtoto Ijumaa, anampeleka Mbagala kwa bibi yake, anamwacha huko, anakuja kumchukua Jumapili. Huo ni usiku wa nani? Kwa Mwingereza, usiku huhesabiwa pale mzazi anapomlea mtoto na mtoto akalala mahali anapolala mzazi huyo. Kwa hiyo usiku wa bibi usingempa baba punguzo. Na mimi nakubaliana nao. Bibi akimlisha mjukuu kwa pensheni yake au kwa biashara yake ya vitumbua, hiyo ni sadaka ya bibi. Baba asiitumie kudai punguzo. Hali kadhalika mama anayempeleka mtoto kijijini kwa mama yake na huku akipokea fedha za mjini, naye ajiulize fedha hizo ziko kwenye kikapu gani. Sheria yenyewe inamruhusu hata ndugu wa mtoto kuomba mahakamani amri ya matunzo. Inamfuata anayelea.

Basi nimjibu mama yangu huyu, na nimjibu baba pia, maana nina hakika ananisikiliza.

Mama, usimzuie mtoto. Sheria ya Mtoto inampa yeye haki ya kumtembelea na kukaa kwa mzazi mwingine, isipokuwa pale inapovuruga masomo yake. Haki hiyo ni ya mtoto. Siyo mali yako ya kushikilia rehani mpaka fedha zitimie. Chukua daftari, andika tarehe anazokwenda na tarehe anazorudi. Andika vikapu vitatu, kila kimoja na risiti zake na ujumbe wa malipo ya simu. Kisha nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa eneo lako, au rudi mahakama ileile iliyotoa amri. Kama huna uwezo wa wakili, tangu mwaka 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na wako wasaidizi wa kisheria wanaoweza kukuelekeza bila malipo.

Baba, amri ya mahakama haipunguzwi kwa mdomo wala kwa ushauri wa kaka. Inabaki 120,000 mpaka mahakama yenyewe iibadilishe, na unachokata mwenyewe kinageuka kuwa deni. Kama mambo yamebadilika, nenda kaombe amri ibadilishwe. Una hoja ya kweli, ya 27,000 na godoro. Usiiharibu kwa kudai 60,000. Na nakupongeza kwa kumchukua mwanao. Wapo wengi wanaolipa kila mwezi na hawajui mtoto yuko darasa la ngapi.

Wote wawili, kaeni na karatasi moja. Jiulizeni kitu kimoja tu: mtoto alipoanza kwenda na kurudi, ni gharama gani hasa iliyohama kutoka nyumba moja kwenda nyingine? Iliyohama, ihame na fedha zake. Isiyohama, ibaki na mchango wake kama zamani. Kaya nyingi zingeokoa safari za mahakamani kwa swali hilo peke yake.

Mwishoni mwa ujumbe wake, mama aliandika kwamba mtoto amesikia majibizano yao. Ijumaa iliyofuata alikataa kufunga begi. Alimwambia mama yake kwamba asipokwenda kulala kwa baba, hela ya shule itarudi.

Ana miaka tisa, na tayari amejifunza kwamba usiku wake una bei. Naomba wazazi wake wamtoe katika hesabu hiyo kabla ya Ijumaa ijayo. Kazi hiyo si ya mtoto, ni ya watu wazima wenye kalamu.

Yangu kwa juma hili ni hayo.